Sura ya Sita: Chipu Mbili, Skrini Moja

Vipakatalishi vingi vinavyouzwa katikati ya jiji la Nairobi, katika maduka yaliyobanana ghorofa kwa ghorofa kwenye Moi Avenue, Kimathi Street na Luthuli Avenue, havikuanzia kazi hapo. Vilinunuliwa kwanza na makampuni na taasisi za Ulaya, Marekani au Ghuba, vikatumika kwa miaka kadhaa, vikaondolewa kwenye vitabu vya hesabu, vikasafishwa, kisha vikaingia sokoni Kenya kwa majina ya "ex-UK" na "ex-Dubai". Mnunuzi mwenye fedha chache na kazi nyingi, awe mwanafunzi wa usanifu majengo, mhariri wa video mwenye studio ndogo Kilimani, au kijana wa Kangemi anayejifunza kufunza modeli za lugha, huzitafuta hasa mashine zilizoundwa kwa kazi nzito, kama vile ThinkPad za safu ya W na P, HP ZBook na Dell Precision, kwa kuwa zina chipu mbili za grafiki na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya ya aina hiyo. Akishaifikisha nyumbani na kuiwekea Linux, hukuta mojawapo ya mambo manne: skrini inayobaki nyeusi baada ya nembo kupita, feni inayovuma hata pasipo kazi yoyote, betri inayokwisha kabla ya somo kumalizika, au projekta isiyoonyesha kitu.

Dawa inayotolewa haraka, na fundi na rafiki kwa pamoja, ni kufuta kila kitu na kusakinisha upya. Dawa hiyo ina gharama kubwa kwa mtu anayelipia intaneti kwa vifurushi vya data, kwa sababu faili ya mfumo ni gigabaiti kadhaa na draiva ya NVIDIA peke yake ni mamia ya megabaiti. Lakini kasoro yake kubwa zaidi ni kwamba haigusi chanzo. Tatizo la grafiki katika mashine za namna hii kwa kawaida ni kutopatana kwa umri wa vitu vitatu, yaani chipu, draiva na kerneli, na chini ya vyote hivyo upo mpangilio wa nyaya za bodi ambao hakuna programu inayoweza kuubadilisha. Mfumo ukisakinishwa upya pasipo kujua umri huo na nyaya hizo, utaharibika upya kwa njia ile ile.

Inafaa kwanza maneno haya yaelezwe. Kerneli ni kiini cha Linux, ile sehemu ya mfumo inayomiliki maunzi yote na kuzigawia programu. Draiva ni programu inayojua lugha ya kifaa kimoja mahususi na kuitafsiria kerneli; katika Linux draiva nyingi huwa moduli, yaani vipande vinavyopachikwa kwenye kerneli mashine inapowaka. Chipu ya grafiki ndiyo inayokokotoa rangi ya kila nukta ya skrini. Katika kipakatalishi chenye chipu mbili, ya kwanza ni ndogo, imo ndani ya prosesa ya Intel au AMD na hutumia umeme kidogo. Ya pili ni kubwa, imesimama peke yake kwenye bodi ikiwa na kumbukumbu yake, na hula umeme mwingi kwa malipo ya kasi. Nia ya watengenezaji ni kwamba ile ndogo ishughulikie barua na kurasa za mtandao, na ile kubwa iamshwe kwa kazi ya Blender, mchezo, au hesabu za CUDA, teknolojia ambayo NVIDIA iliitoa mwaka 2007 na ambayo leo ndiyo sababu kuu ya wanafunzi wa akili mnemba kuitafuta chipu hiyo kwa udi na uvumba.

Mashine za awali za namna hiyo ziliamua jambo hili kwa swichi. Sony VAIO za safu ya SZ, zilizotoka mwaka 2006, zilikuwa na kitufe halisi cha kuchagua kati ya kasi na uvumilivu wa betri, na nyaya za skrini zilihamishwa kutoka chipu moja hadi nyingine. Mpango huo ulikuwa wa gharama lakini ulieleweka. Februari 2010 NVIDIA ilitangaza Optimus, ambayo iliondoa swichi kabisa: katika mashine nyingi za Optimus skrini imeungwa na chipu ndogo peke yake, na chipu kubwa, ikishachora picha, huinakili kwenye kumbukumbu ya ile ndogo ili iionyeshe kwa niaba yake, kama mpishi hodari aliyewekwa katika jiko lisilo na dirisha la kupakulia, ambaye kila sahani yake ni lazima ipitie mikononi mwa mwenzake. Katika Windows mapatano hayo yalisimamiwa na NVIDIA yenyewe. Katika Linux hapakuwa na wa kuyasimamia, kwani seva ya grafiki iitwayo X ilikuwa imejengwa kwa kudhani kwamba skrini moja ina draiva moja.

Mwezi mmoja baada ya tangazo hilo, Machi 2010, iHub ilifungua milango yake katika jengo la Bishop Magua Centre, Ngong Road, na kuanza kuwakusanya waandika programu wa Nairobi mahali palipokuwa na meza, kahawa na intaneti ya kasi, hiyo ikiwa ni miezi michache tu tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS ziwasili Mombasa mwaka 2009. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha Nairobi kuwa na intaneti ya kutosha kupakua Linux bila kungoja sidii za posta (Ubuntu ilizituma bure duniani kote hadi mwaka 2011) kilikuwa pia kizazi cha kwanza kukutana na chipu zilizofichwa nyuma ya chipu nyingine.

Kilichofuata katika ulimwengu wa Linux kilichukua takribani miaka kumi, na fundi asiyekijua hawezi kuelewa kwa nini maelekezo anayoyakuta mtandaoni yanapingana. David Airlie, mhandisi wa Red Hat, aliingiza katika kerneli ya 2.6.34 ya mwaka 2010 kifaa kiitwacho vga_switcheroo, kilichofaa mashine za swichi, kisha akaanza kubuni PRIME, njia ya chipu moja kuikabidhi nyingine picha, jina lake likiwa utani juu ya shujaa wa filamu za Transformers aitwaye Optimus Prime. Mwaka 2011 wapenzi wa Linux wakatunga Bumblebee, jina jingine la humo humo, ambayo iliwasha seva ya pili ya X isiyoonekana kwa ajili ya chipu kubwa. Mradi huo uliwasaidia watu wengi, ingawa unakumbukwa pia kwa mstari mmoja wa hati yake ya usakinishaji ambamo nafasi moja iliyopenya baada ya neno /usr iligeuza amri ya kufuta folda ndogo kuwa amri ya kufuta folda nzima ya /usr, yaani karibu mfumo wote wa mtumiaji.

Mgogoro wa kweli, hata hivyo, ulikuwa wa kisheria. Mwaka 2012 kerneli ilipata DMA-BUF, utaratibu wa draiva tofauti kushiriki kipande kimoja cha kumbukumbu, ambao ndio hasa uliohitajiwa na Optimus. Lakini ulikuwa umewekewa alama kwamba ni kwa draiva za leseni huria ya GPL tu, na NVIDIA, ambayo draiva yake ilifungwa, ilipoomba alama hiyo iondolewe, Alan Cox na waandika kerneli wenzake walikataa. Miezi michache kabla ya hapo, Juni 2012, Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alikuwa akizungumza katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, mwanamke mmoja mwenye kipakatalishi cha Optimus alipomuuliza kuhusu ushirikiano wa NVIDIA, naye akaitaja kuwa kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo, akaigeukia kamera na kuitukana kwa kidole na kwa neno. Tukio hilo limesimuliwa mno kama kichekesho. Uzito wake ni kwamba aliyeuliza alikuwa mnunuzi wa kawaida aliyenaswa kati ya pande mbili, kila upande ukiwa na hoja yake.

Suluhu ilikuja kwa vipande. Draiva ya 319 ya mwaka 2013 iliruhusu chipu kubwa ichore skrini nzima kupitia ile ndogo, na Ubuntu ikatengeneza amri ya prime-select ya kuchagua chipu. Draiva ya 435 ya Agosti 2019 ikaruhusu programu moja moja ipelekwe kwenye chipu kubwa huku nyingine zikibaki kwenye ndogo. Na Mei 2022 NVIDIA ikatoa moduli zake za kerneli kwa leseni huria, kwa chipu za kizazi cha Turing na kuendelea. Ushauri wowote ulioandikwa kabla ya 2019 unaomtaka mtu aweke Bumblebee ni wa zama nyingine, na kwa mashine nyingi utaleta madhara badala ya nafuu.

Hapo ndipo umri wa mashine unapoingia, na hapo soko la Nairobi linatofautiana na maduka ya London au Berlin, ambako wanaoandika miongozo hudhani mashine ya msomaji ni ya juzi. NVIDIA hugawa draiva zake katika matawi, na kila tawi huacha kizazi fulani cha chipu. ThinkPad T430 ya mwaka 2012 yenye NVS 5400M ina chipu ya kizazi cha Fermi, ambayo tawi lake la mwisho ni 390 na lilikoma kuhudumiwa mwishoni mwa 2022. ThinkPad W530 yenye Quadro K1000M, T440p yenye GeForce GT 730M, na HP ZBook 15 ya kwanza yenye Quadro K1100M ni za Kepler, ambazo tawi lake la mwisho ni 470, lililokoma mwaka 2024. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 yenye MX150 ni ya Pascal, na tawi lake la mwisho ni 580. T430 na W530 zilitoka mwaka mmoja, zinafanana umbo na huweza kupangwa kwenye rafu moja dukani, lakini draiva ya 470 ya W530 haiwezi kuiendesha T430. Na kwa kuwa uhamishaji wa programu moja moja ulianza na 435, mwenye T430 hataupata kamwe katika draiva ya NVIDIA, hata akisoma miongozo yote iliyopo.

Tawi likishakoma, halirekebishwi tena ili liendane na kerneli mpya. Kerneli ya Linux hubadilisha mipaka yake ya ndani mara kwa mara bila kuomba radhi kwa draiva zilizo nje yake, hivyo mashine ya Kepler iliyokuwa ikifanya kazi jana inaweza kuamka na skrini nyeusi leo baada ya masasisho ya kawaida, pasipo mtumiaji kugusa chochote. Kwa mwenye mashine hiyo, kubaki kwenye toleo la Ubuntu linalohudumiwa kwa muda mrefu pamoja na kerneli yake ya awali ni busara zaidi kuliko kukimbilia toleo jipya, mradi toleo hilo bado linapata masasisho ya usalama.

Ipo njia ya pili, nayo ni nouveau, draiva huria iliyoandikwa kwa kuchunguza chipu za NVIDIA kutoka nje na kuingizwa katika kerneli ya 2.6.33 mwaka 2010. Huja na Linux, haihitaji kupakuliwa, haina tawi la kukoma. Udhaifu wake ni kasi. Kuanzia chipu za Maxwell za kizazi cha pili, za mwaka 2014, NVIDIA ilidai programu ya ndani ya chipu iwe na sahihi yake, na bila sahihi hiyo nouveau haikuweza kupandisha mwendo wa saa ya chipu, kwa hiyo chipu kubwa ikabaki ikijikokota kwa mwendo wa kuamkia. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: chini ya nouveau, mashine nzee ya Kepler, ambayo mwendo wake unaweza kupandishwa kwa mkono, huhudumiwa vizuri kuliko mashine changa ya Pascal, na zile za Turing na kuendelea zimepata nafuu tangu kerneli ya 6.7 ya Januari 2024, iliyoanza kutumia programu ya ndani iliyotolewa na NVIDIA yenyewe. Anayenunua ex-UK ya kati ya 2015 na 2018 huenda yumo katika pengo hilo, na afadhali alijue kabla ya kulipa.

Uchunguzi wenyewe, basi, huanza kwa kuitambua chipu. Amri ya lspci -k, ikiandikwa kwenye terminali, huorodhesha vifaa vya bodi pamoja na draiva inayotumika kwa kila kimoja. Chipu ya pili ikiorodheshwa kama "3D controller", haina njia ya kutolea picha na ni lazima ipitie kwa ndogo. Ikiorodheshwa kama "VGA compatible controller", huenda ina matundu yake. Tofauti hiyo ndiyo siri ya projekta isiyoonyesha kitu. Katika ThinkPad W520 na W530, matundu ya VGA na DisplayPort yameungwa na chipu ya NVIDIA, huku skrini ya mashine ikiungwa na ya Intel. Mtumiaji aliyeizima chipu kubwa ili kuokoa betri huona kila kitu kikienda sawa hadi siku anaposimama mbele ya watu, iwe katika ukumbi wa mihadhara wa Chiromo au ofisi ya mteja Westlands, na hapo hakuna kebo wala adapta itakayomsaidia mpaka aiwashe chipu hiyo tena. Katika BIOS ya mashine hizo (mipangilio inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka) mna machaguo matatu ya grafiki, yaani ndogo tu, kubwa tu, au Optimus, na anayetoa mihadhara mara nyingi hupata amani kwa chaguo la pili, akikubali betri ifupike.

Hatua inayofuata ni kusoma kerneli inasema nini. Mashine ikiwaka hadi skrini nyeusi, vibonye vya Ctrl, Alt na F3 vikibonyezwa pamoja mara nyingi hufungua terminali ya maandishi, na humo amri ya journalctl -k hutoa ujumbe wa kerneli tangu mashine ilipowaka, ilhali journalctl -k -b -1 hutoa ule wa mara iliyotangulia. Ujumbe huo huja kwa Kiingereza hata kwa mtu ambaye eneokazi lake limewekwa Kiswahili. Kazi ya tafsiri, kama ile ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilihusu programu za ofisi na haikufika chini kiasi hicho, hivyo ni vyema maneno ya kosa yanakiliwe herufi kwa herufi anapoulizwa mtu mwingine. Sababu ya kwanza ya draiva kukwama ni tawi lisilofaa, na hapo mstari unaoanza na NVRM husema wazi kwamba chipu hiyo inahudumiwa na matawi ya zamani, na hutaja nambari ya tawi linalohitajika. Watu wengi husakinisha draiva nne kwa kubahatisha ilhali jibu limeandikwa humo tangu mwanzo.

Sababu ya pili kwa umuhimu ni sahihi. Mashine nyingi zilizotoka maofisini huja zikiwa na Secure Boot, ulinzi unaokataza kupakiwa kwa moduli yoyote isiyo na sahihi ya kidijitali inayoaminiwa. Moduli za kerneli yenyewe zimetiwa sahihi na msambazaji, lakini draiva ya NVIDIA iliyojengwa ndani ya mashine ya mtumiaji haina, na ikijaribiwa kupakiwa hukataliwa kwa maneno "Key was rejected by service". Amri ya mokutil --sb-state hueleza kama ulinzi huo umewashwa. Ushauri unaosambaa ni kuuzima katika BIOS, na hapo soko la mitumba huleta kikwazo chake, kwani si ajabu mashine ya ex-UK kuwa bado imefungwa BIOS kwa nywila ya kampuni iliyoiuza, nywila ambayo muuzaji wa Moi Avenue haijui na hana namna ya kuijua.

Suluhu ipo, nayo ni bora kuliko kuuzima ulinzi. Ubuntu ikisakinisha draiva ya nje, humwomba mtumiaji atunge nywila ya muda. Mashine ikiwaka tena, hutokea skrini ya buluu inayosubiri kwa sekunde chache tu kibonye kibonyezwe, na ndani yake mna chaguo liitwalo "Enroll MOK", ambalo husajili ufunguo wa mmiliki wa mashine miongoni mwa funguo zinazoaminiwa. Skrini hiyo ni ya programu ndogo iitwayo shim, si ya BIOS, kwa hiyo nywila ya kampuni ya zamani haiizuii. Wengi huipita wakidhani ni hitilafu, au huwa wameondoka kwenda kutengeneza chai mashine inapowaka, na tangu hapo draiva haipakiwi tena. Anayetaka kuirejesha skrini hiyo huandika sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, akatunga nywila nyingine, akawasha upya na safari hii akakaa mbele ya mashine.

Sababu ya tatu ni ujenzi uliokatika njiani. Draiva nyingi za NVIDIA hujengwa upya kila kerneli mpya inapoingia, kwa kutumia utaratibu wa DKMS, na ujenzi huo unahitaji faili za vichwa, yaani linux-headers, za toleo lile lile la kerneli. Kifurushi cha data kikiisha katikati ya masasisho, au stima ikipotea kwenye mashine yenye betri iliyochoka, kerneli mpya huweza kuwa imeingia na draiva yake haijajengwa. Amri ya uname -r huonyesha kerneli inayotumika, dkms status huonyesha draiva imejengwa kwa kerneli zipi, na nambari hizo zisipolingana, tatizo limepatikana. Mashine huwashwa kwa kerneli ya awali kupitia GRUB, menyu ya kuchagulia kerneli mashine inapowaka, kisha masasisho hukamilishwa. Waliopakua draiva kutoka tovuti ya NVIDIA kama faili ya .run huingia katika shimo hili mara kwa mara, kwa kuwa draiva ya namna hiyo iko nje ya usimamizi wa msambazaji. Kuiweka kupitia amri ya ubuntu-drivers, au hazina rasmi za msambazaji mwingine, ni njia isiyo na mbwembwe, na ndiyo inayopaswa kupendekezwa kwa kila mtu asiye na sababu maalumu.

Neno nomodeset linastahili onyo. Likiongezwa mwishoni mwa mstari wa kerneli katika GRUB, huizuia kerneli isipange skrini kwa kutumia draiva za grafiki, na mashine iliyokataa kuwaka huwaka. Ni msaada wa dharura unaofaa kwa dakika chache za ukarabati. Kosa ni kuliacha humo daima, kama inavyofanywa na mafundi wanaotaka mteja aondoke haraka, kwa sababu huzima chipu zote mbili kwa pamoja na kuiachia prosesa kazi yote ya kuchora. Dalili yake ni neno llvmpipe katika matokeo ya amri ya glxinfo. Ikiwa nouveau ndiyo inayogandisha mashine, inatosha kuizima yenyewe kwa modprobe.blacklist=nouveau, na chipu ya Intel ikaendelea na kazi yake bila kuguswa.

Mashine za AMD hazihitaji maelezo marefu. HP EliteBook 840 za kizazi cha kwanza na cha pili, zinazoonekana kila mahali jijini, baadhi yake zina Radeon ya pili, na draiva yake imo ndani ya kerneli, haihitaji sahihi wala ujenzi. Programu hupelekwa kwenye chipu hiyo kwa kutanguliza DRI_PRIME=1 mbele ya jina lake. Zikisumbua, mara nyingi ni kwa sababu ya feni au kerneli ya zamani.

Betri ni suala jingine, na hapa kuna swali ambalo muuzaji hatamuuliza mnunuzi: je, chipu hiyo kubwa inahitajika? Draiva ya NVIDIA inaweza kuizima kabisa chipu isipotumika tu kuanzia kizazi cha Turing. Katika Pascal na vizazi vilivyotangulia, draiva ikishapakiwa, chipu hubaki ikila wati kadhaa hata kama hakuna inachochora. Nouveau huilaza yenyewe baada ya sekunde chache za kutotumika. Kwa hiyo mwandika programu wa kawaida, ambaye kazi yake ni kivinjari, terminali na hifadhidata, atapata saa nyingi zaidi za betri kwa sudo prime-select intel kuliko kwa mpangilio mwingine wowote, wala hatahisi upungufu. Intel yake inamtosha. Hali ya chipu husomwa katika faili /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power/runtime_status, ambayo husema "suspended" ikiwa imelala, ijapokuwa nambari za njia hiyo hutofautiana kati ya mashine na mashine. Amri ya lspci yenyewe huiamsha chipu iliyolala, kwa hiyo anayechunguza betri aitumie mara moja kupata nambari hizo, kisha aiache.

Hubaki mashine ambazo hakuna amri itakayoziponya. Kerneli ikiandika "GPU has fallen off the bus" pamoja na namba ya Xid 79, maana yake ni kwamba chipu imeacha kuitika kwenye bodi, na katika mashine ya miaka kumi sababu mara nyingi ni joto: vumbi lililoziba matundu ya feni, grisi ya kupitishia joto iliyokauka, au viungo vya lehemu chini ya chipu vilivyopasuka baada ya kupata moto na kupoa mara maelfu. Kusafisha na kubadilisha grisi ni kazi ya bei nafuu ambayo fundi yeyote makini wa Luthuli Avenue anaiweza, na inafaa ifanyike kwanza. Kuichoma chipu kwa hewa ya moto ili viungo vishikane upya ni jambo jingine; mashine huwaka, mteja hulipa, na baada ya wiki au miezi viungo hupasuka tena. Katika mashine ambayo skrini yake imeungwa na chipu ya Intel, ni afadhali fedha hizo zibaki mfukoni, chipu kubwa izimwe katika BIOS, na pale BIOS inapokuwa imefungwa, moduli za nouveau na nvidia ziwekwe katika orodha ya zisizopakiwa ndani ya /etc/modprobe.d, kisha amri ya update-initramfs -u itolewe ili mashine ijue uamuzi huo tangu dakika ya kwanza inapowaka.